Aliyebaki Kwenye Foleni

Kazi ya kupandisha faili mtandaoni ilikwisha Jumatatu saa tisa na dakika tano alasiri, na foleni ya ruta, kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani, ilipaswa kwisha sekunde moja baadaye. Haikuisha. Ilibaki pakiti moja ya data.

Mhandisi aliitazama namba ile kwenye kompyuta kama mtu anavyotazama kiatu kimoja mlangoni pa nyumba isiyo na mgeni. Mitandao aliijua. Alikuwa amewahudumia wateja wa kampuni ya intaneti kwa miaka kumi na mitatu, saba ya mwisho akifanyia kazi hapohapo nyumbani, ghorofa ya tatu, kwenye meza ya chakula. Pakiti ya data haikai. Inaingia kwenye ruta, inasubiri zamu yake, inatoka. Ikikosa nafasi, inatupwa. Hii haikutoka wala haikutupwa. Alizima ruta, akahesabu hadi thelathini, akaiwasha. Taa zikarudi moja baada ya nyingine, zote kijani. Akafungua tena ukurasa wa foleni.

Moja.

"Kaidi wewe," aliiambia, akaenda kuosha vikombe.

Afadhali jambo alilokuwa amelifanya lisemwe sasa, maana yeye mwenyewe alichelewa mno kulisema. Mkewe alikuwa amefariki miezi minane kabla. Aliacha simu yenye betri iliyovimba, na ndani yake sauti na video za miaka kumi na moja: mtoto akijifunza kutembea, mvua kwenye dirisha la jikoni, orodha za vitu vya kununua zilizosemwa kwa haraka barabarani. Simu ilikuwa ikijizimia ovyo, na kila ilipozima aliamini haitawaka tena. Alitaka kila kilichomo kihamie kwenye hifadhi ya mtandaoni, kisipotee hata chembe. Kwa hiyo aliingia kwenye mipangilio ya ruta akafanya kosa ambalo angemkaripia fundi yeyote aliye chini yake.

Kila ruta ina chumba cha kungojea. Data zikija nyingi kuliko njia inavyoweza kubeba, zinapangwa humo. Ukikifanya chumba hicho kidogo, zinazozidi zinatupwa, na aliyezituma akiona hivyo anapunguza mwendo. Mazungumzo yanakuwa mepesi, lakini mizigo mikubwa inasafiri kwa kudonoadonoa. Ukikifanya kikubwa, hakitupwi kitu na mizigo inapita mfululizo, ila kila neno unalosema linakwenda kusimama nyuma ya mizigo hiyo. Kazi ya fundi ni kutafuta kipimo cha katikati. Yeye hakukitafuta. Mahali pa ukubwa wa foleni aliandika sifuri, na kwa ruta ile sifuri ilimaanisha kwamba hakuna kikomo.

Hakutaka kitu cha mkewe kitupwe. Sababu yake ilikuwa hiyo tu.

Angerudisha mipangilio jioni ileile. Kilichomzuia ni simu ya Kebo.

Kebo alikuwa mwenzake wa kazi, mwanamume wa maneno mengi aliyepewa jina hilo kwa sababu alitembea na waya mfukoni kama wengine wanavyotembea na leso. Alipiga saa kumi, kupitia kompyuta, kuulizia tatizo la mteja. Sauti yake ilikuja kwa kuchelewa, kila sentensi ikitanguliwa na kimya.

"Mtu wa mtandao, na mtandao wako ndio huu," Kebo alisema. "Wateja wakijua, tumekwisha."

"Kuna kitu najaribu."

Kimya. Sekunde moja, mbili.

"Haya, basi nitapunguza sauti," Kebo akasema, kwa upole usiokuwa wake.

"Upunguze kwa nini?"

Kimya tena.

"Si shemeji hapo nyuma anasema mtoto amelala?" Halafu Kebo, aliyekuwa amebeba jeneza la shemeji huyo upande wa mbele kushoto, akaguna kama mtu aliyejikata. "Kaka, nisamehe. Sijui nimesema nini. Nisamehe sana."

Akakata simu.

Nyumbani hakukuwa na mtu. Mtoto alikuwa ameondoka na bibi yake kwenda kununua madaftari. Mhandisi akasikia harufu: kwanza plastiki iliyopata moto, kisha mafuta ya nywele ya lile kopo la bluu lililokwisha kitambo, na chini yake, hafifu, spiriti ya kusafishia mahali pa sindano, harufu ya miezi ya mwisho ya mkewe.

"Mhandisi," kompyuta ilisema.

Hivyo ndivyo mkewe alivyomwita alipotaka kumtania. Mtu mwingine angekimbia. Yeye alivuta kiti akakaa vizuri.

Kwa siku tisa alifanya siri. Aligundua kwamba sauti inakuja vizuri foleni inapojaa tu, kwa hiyo kila alasiri, akiwa amejifungia peke yake sebuleni, alizipandisha upya video zilezile, si kwa kuzihifadhi bali kwa kuijaza ruta, na kadiri foleni ilivyorefuka ndivyo sauti ilivyosikika karibu. Haikusema mengi. "Dirisha umefunga?" "Nimechoka kusimama." "Mbona huku watu hawasogei?" Yeye alijibu kila kitu. Alimweleza habari za kazi, za mtoto, za bomba la jikoni. Hakumuuliza yuko wapi, kwa sababu aliogopa kuambiwa. Na alipokuwa akitayarisha chakula cha jioni alijisikia mwepesi, hata mama mkwe akamwambia, "Baba, leo uso wako umepata damu."

Mama mkwe alikuwa fundi cherehani mstaafu. Alikuja kukaa wiki mbili wakati wa ugonjwa wa bintiye na hakuondoka tena. Yeye ndiye aliyeligundua jambo la mtoto.

Mtoto alikuwa na miaka tisa. Walimwita Kijiko, kwa kuwa alizaliwa kabla ya wakati na mama yake alimnywesha maziwa kwa kijiko kidogo kwa wiki sita, tone kwa tone. Alikuwa mtoto wa majibu ya haraka, wa kumkatiza mtu kabla swali halijafika nusu.

"Huyu binti yako ameanza kiburi," mama mkwe alisema Jumatano ya pili, akiweka sahani. "Nimemwita mara tatu. Ananitazama tu, utadhani nauza kitu asichotaka."

"Kijiko, Bibi anakuita," Mhandisi alisema.

Kijiko alimtazama. Alikuwa anatafuna. Hakusema kitu.

Wakaendelea kula. Wakazungumza habari ya jirani wa chini na ngazi zake zisizofagiliwa. Ndipo Kijiko, macho yake kwenye sahani, akasema kwa adabu kabisa, "Abee, Bibi." Akanyamaza. "Abee, Bibi." Akanyamaza. "Abee, Bibi." Kisha, "Ndiyo, Baba, nimesikia."

Mama mkwe alicheka. "Jamani, sauti yake imepita kwa fundi kwanza!"

Mhandisi hakucheka. Mdomo wa mtoto ulikuwa umefunguka kwa wakati uleule wa maneno, si kabla. Kati ya swali na jibu zilipita sekunde arobaini na kitu, na katika sekunde hizo uso wake haukuwa na kiburi wala mawazo. Ulikuwa uso wa mtu aliyesimama nyuma ya mwingine.

Kesho yake alimketisha mezani, akachukua saa.

"Saba mara nane?"

Dakika moja na sekunde kumi na mbili. "Hamsini na sita."

"Mji ulioandika kwenye kazi ya jiografia?"

Dakika moja na sekunde hamsini.

Aliuliza maswali kumi, akaandika kila kipimo, na alipofika la kumi jibu lilichukua dakika sita. Hapo ndipo alipoelewa: kila swali alilouliza lilikwenda kusimama kwenye foleni. Alikuwa akiipima kwa kuirefusha.

Mambo mengine Kijiko aliyafanya kama kawaida. Alikula, alioga, alifunga kamba za viatu. Kilichochelewa ni kila kitu kinachomwelekea mtu mwingine: neno, kutikisa kichwa, hata tabasamu. Ukimkumbatia, mikono yake ilibaki chini; ukishamwachia na kwenda zako, ukigeuka unamkuta amesimama palepale, amekumbatia hewa.

Mhandisi alizima ruta, akamuuliza tena maswali yaleyale. Dakika kumi zikapita, nusu saa ikapita, na hakuna jibu lililotoka, si la zamani wala jipya, na rangi ya midomo ya mtoto ikaanza kuondoka kidogokidogo mpaka baba yake akakimbia kuiwasha ruta akigonga meza kwa goti. Alimbeba ateremke naye, ampeleke hospitali, popote. Ghorofa ya pili alikuwa mzito. Ghorofa ya kwanza macho yake yakaacha kufuata kitu. Mlangoni, barabara ikionekana, magari na watu na jua la saa nne asubuhi vikiwa hatua tano mbele yao, alipumua mara moja kisha hakupumua, na baba yake akapanda ngazi zote tatu bila kujua kama amekanyaga ngazi. Alipomlaza kwenye kochi, kifua kikapanda.

Nyumba ilikuwa imewafunga, na mlango ulikuwa wazi.

Saa sita mchana, bila kuulizwa na mtu, Kijiko akaanza kutoa majibu ya asubuhi. Baada ya hayo likaja jambo ambalo hakuna aliyemuuliza.

"Mama ananiambia nisubiri," alisema. "Nimeshika nguo yake kwa nyuma. Kuna mtu mbele yake, na mbele ya huyo kuna mwingine. Ni giza lakini si usiku. Amesema nisigeuke."

Kijaluba cha sindano kilimtoka mama mkwe mkononi.

"Mama yupi?" alinong'ona. "Baba, mtoto anasema mama yupi?"

Basi ikabidi aseme. Alisema yote akiwa amesimama, kama mwanafunzi: sifuri aliyoiandika, Kebo, harufu, siku tisa. Mama mkwe alimsikiliza hadi mwisho, na alipojibu hakuanzia pale alipotegemea.

"Siku tisa unaisikia sauti ya mwanangu," alisema polepole, "na mimi niko chumba cha pili nashona vifungo."

"Mama, nilitaka..."

"Ungeniita. Hata mara moja. Ningesimama mlangoni, nisingesema kitu." Alijifuta macho kwa nyuma ya mkono, kwa hasira. Kisha akamgeukia mtoto, akamtazama muda mrefu, na uso wake ukabadilika. "Lakini huyo siye. Mwanangu hakuwahi kumwambia mtoto huyu asubiri. Alipokuwa akilia, alikuwa anatoka bafuni na sabuni mwilini. Siye. Ngoja nimwite mtu."

Mtu huyo walimwita Bibi Namba. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akigawa namba za foleni kwenye dirisha la zahanati, na kazi ya kuwapunga watu pepo aliirithi kwa shangazi yake na kuifanya siku za mapumziko. Alipanda ngazi akihema, amevaa kandambili, akaomba kiti chenye mgongo na chai isiyo na sukari. Alimtazama Kijiko, akamtazama Mhandisi, akanusa hewa kama mtu anayekagua maziwa.

"Kinakaa wapi?"

Mhandisi alimwonyesha ruta juu ya kabati la vyombo. Alianza kueleza kuhusu data na chumba cha kungojea, akitafuta maneno mepesi.

"Baba, usinifundishe foleni," Bibi Namba alisema. "Nimekaa nazo kuliko ulivyokaa shule. Nani alisema asifukuzwe mtu?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Aliifuta ruta vumbi kwa kidole.

"Haya. Hilo tutaliacha." Alikunywa chai. "Sasa nisikilizeni, na mnisikilize vizuri, kwa sababu sitarudia. Hiki si cha kuvunja milango. Kinaishi panapongojewa. Kimekuta pako pana, pamejaa, na kuna mtu anayejibu, basi kimevaa sauti unayoipenda na kimesimama kwenye mstari. Mtoto naye aliitwa kwa sauti hiyohiyo, akaitika. Sasa yuko nyuma yake. Ukizima, unamwaga kilichomo chote, na yeye yumo."

"Nimeona," Mhandisi alisema.

"Dawa yake ni moja. Foleni iachwe iishe yenyewe, na asiingie mtu mpya. Neno lako kwake ni mtu mpya. Mtoto akisema, msimjibu. Na kile kikisema..." Alimtazama Mhandisi peke yake. "Kitasema. Kitajua kwamba kinaishiwa. Kitakuuliza vitu. Usijibu hata kwa kukohoa. Ikifika mwisho, mtoto akishatoka, utafunga nyuma yake. Unaweza kufunga?"

"Naweza. Nitaweka foleni fupi sana. Kinachochelewa kitupwe."

"Kila kitu?"

"Kila kitu."

"Hata kama ni chako?"

"Hata kama ni changu."

Walianza saa kumi. Alichomoa kila kitu kilichokuwa kikitumia intaneti: televisheni, simu zote, tableti ya mtoto, ambayo aliizima na kuilaza kifudifudi mezani. Alibakisha kompyuta yake iliyounganishwa kwa waya, na juu ya kioo chake maagizo mapya yakiwa yameshaandikwa, yakisubiri kidole kimoja. Foleni ilionyesha pakiti elfu kumi na nne mia mbili na sita. Mama mkwe alikaa kwenye kochi, ameuma kona ya kitambaa. Kijiko alikaa katikati yao, mikono mapajani. Bibi Namba alikaa mlangoni na kiti chake, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

Mwanzoni yalikuja maneno ya mtoto tu. "Ndiyo, nimepiga mswaki." "Hapana, Bibi, sina homa." Kila neno likitoka, namba ilishuka. Jua lilikuwa bado kali dirishani, na huko chini mtu alikuwa akigongagonga bati, na kwa dakika nne au tano ilikuwa rahisi, rahisi kama kumsikiliza mtu anayeongea usingizini.

Kisha harufu ikaja, na tableti iliyozimwa ikasema, kioo chake kikiwa kimelalia meza, "Mhandisi?"

Namba ilisimama.

"Mhandisi, mbona mmenyamaza? Mmenikasirikia?"

Mama mkwe aliinama mbele kama aliyepigwa tumboni. Ilikuwa sauti yenyewe, na mikwaruzo yake midogo ya asubuhi, na ile herufi aliyoivuta kidogo tangu utotoni.

"Mama, na wewe upo? Mama, shingo inaniuma. Nisimamie hivi mpaka lini? Njoo unikande shingo, mama."

Kitambaa kilikuwa kimeingia chote mdomoni mwa mama mkwe, na machozi yalimtiririka juu ya vidole, lakini hakutoa sauti, na Mhandisi aliyekuwa akimtazama alifikiri kwamba hajawahi kuona mtu mwenye nguvu kama mwanamke yule, na namba ikaanza kushuka tena, elfu tisa, elfu nane na mia tatu, na sauti ikarudi kwake, ikamtajia mambo ambayo hayakuwa kwenye simu wala kwenye video yoyote, jambo alilolisema mkewe ndani ya gari siku walipopewa majibu ya daktari, jambo alilolijibu yeye na kulijutia, ikamwambia kwamba amemsamehe na kwamba anachotaka ni kusikia kama na yeye amejisamehe, neno moja tu, ndiyo au hapana, na plastiki ya ruta ikawa inanuka kuungua, na bati la chini likaacha kugongwa, na watu wengine wakaanza kusikika nyuma ya sauti ile, wengi, hawakusema kitu, walikuwa wakisogeza miguu tu, hatua ndogo ndogo za watu waliochoka, zikipita chini ya meza, zikipita kati ya viti, na Kijiko katikati ya hayo yote akiendelea kujibu maswali ya asubuhi kwa sauti yake ya shule, "Hamsini na sita. Sabini na mbili. Sikumbuki, Baba," mpaka jasho la Mhandisi likadondoka juu ya kibodi na yeye akalifuta kwa mkono wa shati, polepole, asije akagusa kitu.

Elfu mbili. Mia sita.

"Mama, naenda," Kijiko alisema. "Baba ananiita."

Tableti ilipiga kelele. Haikuwa kelele ya mwanamke, wala ya mtu. Bibi Namba aliinuka kwenye kiti, akanyoosha kiganja chake kuelekea mezani kama anavyomzuia mtu anayetaka kupita bila namba, na akabaki hivyo, macho yake kwa mtoto.

Sitini. Ishirini. Tisa.

Kijiko alivuta pumzi ndefu, akapepesa macho, akaanza kutazama huku na huku.

Mbili. Moja.

Kidole cha Mhandisi kilikuwa juu ya kitufe. Nyumba ilikuwa imetulia. Kelele ilikuwa imekwisha, hatua zilikuwa zimekwisha, na kwenye utulivu ule sauti ikaja mara ya mwisho bila kulia na bila kubembeleza, sauti ya mtu anayevua viatu mlangoni jioni yoyote.

"Umekula?"

"Nimekula," alisema.

Haikuwa hata sauti; ilikuwa pumzi iliyopata umbo la neno. Kila jioni ya ndoa yake alikuwa ameulizwa hivyo na kujibu hivyo, na neno lilijitokea lenyewe kabla yeye hajafika. Mama mkwe alikuwa amefumba macho. Bibi Namba alikuwa akimtazama mtoto. Hakuna aliyesikia.

Sifuri.

Alibonyeza. Foleni ya pakiti thelathini. Kinachosubiri zaidi ya milisekunde tano, kitupwe. Ruta ililia tiki moja, na harufu yote ikaondoka kwa mpigo, kama dirisha lililofunguliwa.

"Bibi," Kijiko alisema, "mbona mmekaa kama mnapigwa picha?"

Mama mkwe alitoa kitambaa mdomoni. "Saba mara nane?"

"Hamsini na sita! Kwani leo kuna mtihani?"

Mwanamke yule mzee alimvuta mtoto kifuani, na mikono ya mtoto ikapanda saa ileile, ikamshika shingoni, na wakabaki wakiyumba, mmoja akilia na mwingine akilalamika kwamba anabanwa. Bibi Namba alikaa chini kwa uzito. "Kazi hii itaniua," alisema. "Dirishani walikuwa wakinitukana tu."

"Asante, Bibi," Mhandisi alisema. "Asante sana. Mama, pole."

Hawakugeuka.

"Mama," alisema.

Bibi Namba alikuwa akitafuta kandambili moja kwa mguu. "Na wewe baba, sema kitu. Umekaa kama gogo. Imekwisha."

"Nimesema asante."

Bibi Namba alimngojea. Tabasamu lake lilibaki mahali pake kwa muda, kama linavyobaki kwa mtu aliyeuliza dirishani na hajajibiwa, halafu likaanza kulegea upande mmoja. Mhandisi aligeuza macho kwenye kioo cheusi cha kompyuta, ambayo taa yake ilikuwa imepungua, akauona uso wake. Alisema tena, "Nimesema asante." Kwenye kioo mdomo ulikuwa umefungwa.

"Ulikijibu," Bibi Namba alisema kwa sauti ya chini sana.

Alitikisa kichwa kukubali. Kwenye kioo kichwa hakikutikisika.

Alikuwa mtu wa mitandao, na hakuhitaji kuelezwa. Neno lake lilikuwa limekwenda kusimama kule, na kila alilosema sasa lilikuwa likienda nyuma yake, likichelewa. Na kinachochelewa, kwa amri yake mwenyewe, kilitupwa. Mtoto alikuwa akisikika baada ya dakika sita. Yeye asingesikika kamwe.

Mikono yake ilimtii. Mkono unaogusa mashine haumjibu mtu. Aliiamsha kompyuta, akafungua mipangilio. Ingetosha kuandika sifuri. Maneno yake yangefika, leo au kesho, yangefika. Aliweka kidole juu ya kitufe, na kutoka kwenye tableti iliyolala kifudifudi akasikia, karibu sana na ubao wa meza, mtu akisogeza miguu kuja mbele.

Aliifunga kompyuta. Akachomoa waya wake, akauzungusha vizuri, akauweka kwenye droo.

"Anaonaje?" mama mkwe aliuliza. "Baba anasemaje?"

Bibi Namba aliipata kandambili, akaivaa.

Kijiko alijichomoa kwa bibi yake, akaja akasimama mbele ya kiti cha baba yake, nywele zimetimka, shavu moja likiwa na alama ya kifungo cha nguo ya bibi.

"Baba, nina njaa. Tunakula nini?"

Alimjibu.

"Baba? Mbona husemi?" Alimshika mkono, akautikisa. "Bibi, Baba amenuna!"

Alikuwa ameshamjibu mara mbili. Alivuta pumzi, akainama mpaka uso wake ukawa mbele ya uso wa mtoto, akamjibu tena kwa sauti kubwa kuliko zote alizowahi kuzitoa maishani, na mtoto akaendelea kumtazama, akingoja.